Upande wa Jua

Pale Kesterville, Illinois, ukimuuliza mtu yeyote nani anazijua treni, atakuambia nenda kwa Verna Tjaden, kisha atakuonya usiende kama una haraka. Mama huyo wa miaka sitini na mitatu alikaa kwenye dirisha la posta miaka ishirini na minane akigonga mihuri, na likizo zake zote zilikwenda relini. Alipostaafu, reli ikawa ndiyo kazi. Treni za abiria hakuzipiga picha. Hizo aliziita mabasi yaliyopotea njia. Alichotaka yeye ni treni ya mizigo: vichwa vitatu vinne vimeunganishwa, vinavuta mabehewa mia na ishirini ya makaa au mahindi, na ardhi inatetemeka mpaka kahawa inacheza kikombeni.

Alikuwa fundi, naye alijijua. Chama cha wapiga picha za reli hutoa kalenda kila mwaka, na Verna alikuwa ametwaa jalada lake mara sita. Gus Pokorny, kinyozi mstaafu, alilitwaa mara mbili, na mara zote mbili Verna alikuwa kitandani baada ya kupasuliwa goti. Gus hapendi kukumbushwa jambo hilo. Verna hapendi kulisahau.

Sheria za chama aliziandika yeye, kwenye kadi ndogo ambayo kila mgeni hupewa. Simama upande wa jua, jua likiwa mgongoni mwako. Usipite mbele ya lenzi ya mwenzako. Usikanyage kokoto za reli, maana pale ni mali ya kampuni na ni njia ya mkato ya kwenda kaburini. Na ya nne, aliyoipigia mstari mara mbili: hakuna mtu ndani ya picha. Picha safi ni kichwa cha treni, namba yake inasomeka, mbingu, na shamba. Binadamu ni uchafu. Kuna bwana mmoja wa Peoria aliwahi kusimama ng'ambo ya reli na koti la njano, akaingia kwenye picha za watu kumi na mmoja. Verna alimfuata hadi kwenye gari lake akimpa vidonge vyake, mpaka bwana wa watu akapandisha kioo. Tangu siku hiyo anaitwa Njano, hata na mke wake.

Sasa, Alhamisi ile ya Oktoba haikuwa ya kawaida. Mume wa Verna, Merle, alikuwa anaendesha treni yake ya mwisho. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akitoka na treni kwenye yadi ya Kesterville, uwanja wa kupangia mabehewa, kuelekea magharibi mpaka Harlow, huko Iowa, ng'ambo ya Mississippi, kisha hurudishwa usiku, kwa treni au kwa gari la kampuni, watu wamelala. Ili kumuaga kwa heshima, wakubwa walimpa kichwa namba 1847, kilichopakwa upya rangi nyekundu na ya maziwa, rangi za kampuni ya zamani aliyoifanyia kazi baba yake. Habari zilivuja Jumatatu. Kufikia Jumatano jioni hoteli ndogo ya barabara kuu ilikuwa imejaa watu wenye kamera kutoka majimbo matatu.

Verna alitaka kitu kimoja tu: picha ya treni hiyo, bora kuliko zote alizowahi kupiga. Sebuleni kwake alikuwa ametundika picha thelathini na moja za treni za Merle, moja kwa kila mwaka, zimenyooka kwenye safu zake. Mahali pa ile ya thelathini na mbili alikuwa amekwisha pigilia msumari.

Mchana huo walikula mezani jikoni, mkate wenye nyama ya nguruwe iliyopondwa na kukaangwa, pana kuliko sahani yenyewe. Merle alikuwa amevaa shati safi.

“Leo utasimama wapi?” akauliza.

“Kwa Kessler, pale kivukoni. Kwani kuna pengine? Maghala nyuma, wewe mbele, jua la saa tisa. Gus atalia machozi.”

“Upande wa jua.”

“Merle, umenioa jana?”

Merle akacheka kidogo, akafuta haradali kidoleni. “Haya,” akasema. “Jua litakuwa zuri.”

Akachukua begi lake, akambusu mkewe utosini, akaenda kazini. Ni mtu wa maneno machache, Merle. Mpe mzigo wa maneno Jumatatu, Ijumaa utamkuta nao karibu wote. Verna alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na ndoa ilikwenda.

Saa nane na nusu pale kivukoni kwa Kessler palikuwa kama mnadani. Barabara ya changarawe inakata reli mahali hapo. Kusini ni shamba la soya la Kessler, lililokwisha vunwa, kaskazini ni maghala manne marefu ya mahindi, ya mabati, yanayong'aa hata ukiyatazama kwa mbali unakunja uso. Watu ishirini na wawili walikuwa wamejipanga upande wa kusini na ngazi zao, vigoda vyao na chupa zao za kahawa. Kila mmoja alikuwa na redio ndogo kiunoni, ya kusikiliza madereva wakizungumza na mwongoza treni. Verna alipita nyuma yao kama mwalimu wa zamu.

“Wewe mwenye kofia, rudi hatua mbili, unamziba mwenzako. Na hilo gari ni la nani? Litoeni, halijaalikwa.”

“Na wewe sogea, Verna, kivuli chako kinaniingilia,” Gus akasema akiwa juu ya ngazi yake fupi.

“Kivuli changu kingekufundisha kazi.”

“Mwaka huu jalada ni langu. Nimeliota.”

“Endelea kulala basi. Hata kifuniko cha lenzi hujatoa.”

Gus akaishika lenzi haraka. Kifuniko hakikuwepo, alikuwa amekitoa zamani. Watu wakaangua kicheko, na Gus naye akacheka, maana angefanyaje?

Mwishoni mwa mstari alisimama mgeni, Britta Halvorsen, muuguzi wa makamo kutoka Wisconsin, aliyenunua kamera mwezi uliopita na bado anaishika kama mtoto mchanga wa mtu mwingine. Verna alimpenda papo hapo, kwa sababu aliisoma kadi yote kabla ya kuitia mfukoni.

Redio zikakwaruza zote kwa pamoja. “Treni 1847 ya magharibi, njia ni yako. Toka yadi.”

“Natoka,” ikajibu sauti nzito.

“Huyo ndiye mzee wako, Bi Verna?” Britta akauliza.

“Ndiye huyo. Dakika kumi na mbili atakuwa hapa.”

“Hongera zenu! Basi leo utampata vizuri. Atakuwa dirisha lipi?”

“Dereva hukaa kulia, siku zote.”

“Kulia kwake au kulia kwetu?”

“Kulia kwake, mama!” Gus akadakia kutoka juu. “Sisi hatuendeshi.”

Britta hakukasirika. Aligeuka akatazama magharibi, kama vile yeye ndiye anaendesha, akainua mkono wake wa kulia aone unaelekea wapi. Mkono ulielekea kwenye maghala. Kaskazini, upande wa kivuli.

“Basi hatutamwona,” akasema. “Huku kwetu dirishani atakuwa nani?”

“Kondakta, msaidizi wake,” Gus akajibu, macho kwenye kamera yake.

Hakuna aliyeona ajabu. Kila mpiga picha wa reli anajua kwamba jua la nchi ile hukaa kusini, na kila mmoja anajua kwamba treni iendayo magharibi humweka dereva kaskazini. Verna aliyajua yote mawili tangu hajaota mvi. Hakuwahi kuyaweka pamoja na kutia jina la Merle katikati.

Kichwani mwake akapita ukutani kwake picha kwa picha bila kuondoka barabarani. Ule mkono wenye chale ya nanga, kwenye picha tano za mwanzo: Rusty Boyle, kondakta. Yule aliyeinua kidole gumba, picha aliyoipenda mpaka akaiwekea fremu ya mwaloni: Rusty Boyle tena. Masharubu yale ni ya Ignacio Delgado, kondakta. Miaka thelathini na moja alikuwa ametundika sebuleni waume wa watu, anawapangusa vumbi kila Jumamosi, na wa kwake mwenyewe hata kidole hakimo. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa nyani mwenye lenzi tatu.

Na Merle alikuwa amesema. Hilo ndilo lililomchoma. Mwaka wa kwanza kabisa, wakiwa bado wamepanga juu ya duka la rangi, Merle alimwambia, siku moja simama upande ule mwingine nikupungie. Naye Verna akamjibu bila hata kuinua kichwa: “Upande ule una kivuli, utatoka kama gunia la mkaa.” Merle akasema haya. Hakurudia. Kila mwaka alipoletewa picha mpya aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akasema nzuri, kisha akaenda kunawa mikono.

Aibu ilimpanda Verna hadi masikioni. Alitamani kukaa chini kwenye ile changarawe. Lakini kukaa chini si kazi yake, na dakika zilizobaki zilikuwa nane. Hakukuwa na Alhamisi nyingine. Kesho Merle angekuwa mtu wa bustani kama wastaafu wengine, na mke wake, mpiga picha bora wa reli wilaya nzima, asingekuwa na picha hata moja ya mumewe akiwa kazini. Akaichomoa kamera kwenye stendi.

“Unakwenda wapi?” Gus akauliza.

“Ng'ambo.”

“Ng'ambo gani? Verna! Treni inakuja, utaingia kwenye picha yangu!”

“Basi nipige vizuri, nimetoka saluni juzi.”

“Sheria ya nne!”

“Niliiandika mimi, na leo naivunja mimi. Kaa na ngazi yako.”

Watu walimpigia kelele kama refa aliyekataa goli. Mmoja akasema wamwite Njano wa Pili. Hakugeuka. Pale kivukoni alitazama mashariki, akatazama magharibi, akaona taa hazijawaka, akavuka barabarani kama inavyotakiwa, akikokota lile goti lake lenye vyuma.

Ng'ambo kulikuwa na baridi. Maisha yake yote alikuwa amepatazama mahali pale kupitia lenzi, na kumbe hapajui: magugu yenye miiba, harufu ya mahindi yaliyolowa, na reli inayotazamwa kwa mgongo. Jua lilikuwa mbele yake, limekaa vibaya kabisa, linampiga machoni. Mpiga picha yeyote mwenye akili angekata tamaa. Verna akageuka kuyatazama maghala. Mabati yale yalikuwa yanapokea jua juu na kulirudisha chini, laini, kwa upana wa nyumba nzima. Akanyoosha mkono wake mbele akautazama: nyama inaonekana, mishipa inaonekana, hata doa la kahawa. Mwanga upo. Si mwingi, lakini unamtosha anayejua kuutumia, na hapo alikuwepo anayejua.

Akarudi nyuma mpaka bati likamgusa mgongo, ili dirisha lililo juu vile lisimtoroke. Akapanga kamera kwa ajili ya uso. Si kwa ajili ya chuma. Mbingu ingeungua, itoke nyeupe tupu, na aliiacha iungue.

Kengele za kivuko zikaanza kulia, vizuizi vikashuka. Kisha honi: mbili ndefu.

Treni ilitokea kwenye kona ya mashariki ikiwa nyekundu mpaka inakera. Jua la saa tisa lilikuwa limeikalia puani, ile rangi ya maziwa inatoa joto, namba inasomeka toka maili nzima. Verna hakuwahi kuona mwanga kama ule juu ya kichwa cha treni, na kidole chake, kilichozoea, kilitaka kubonyeza. Akakizuia. Ng'ambo ya pili alisikia kamera ishirini na mbili zikitatarika kama mahindi ya bisi. Jalada la kalenda lilimpita mbele ya macho, akalipisha.

Honi fupi. Kisha ndefu ya mwisho, ambayo dereva huishikilia mpaka kichwa kiwe kimefunika kivuko.

Akamwona. Merle alikuwa ameketi wima dirishani, macho mbele, mkono kwenye honi, uso wa mtu anayefanya kazi yake na hatarajii kitu. Hakutazama upande wake. Kwa nini atazame? Upande ule hajawahi kusimama mtu.

“Merle!” Verna akapiga ukelele. “Merle, huku! Huku, mwanamume wewe!”

Angeweza kumwita mtu aliye Chicago, ingekuwa sawasawa. Injini zilimeza kila neno. Akainua mkono wa kushoto juu kabisa, kamera ikiwa jichoni kwa mkono wa kulia, akaupunga ule mkono kama anafukuza nyuki.

Merle akageuza kichwa.

Honi ikakatika. Watu wote ishirini na wawili waliisikia ikikatika katikati, honi ya mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuikata. Kisha ikarudi, inayumba. Merle alikuwa ametoa kichwa nje, na bega, na mkono mzima, kofia ameibana kiganjani, mdomo wazi kama mvulana aliyeitwa jina lake kwenye umati. Verna alibonyeza mara tisa. Ya kumi hakuiona, machozi yalikuwa yamefika.

Kisha yakaja mabehewa, mia na ishirini, ukuta wa chuma kati yake na wenzake wote. Akaitazama kamera. Kwa sheria zake mwenyewe, picha ile ilikuwa takataka: namba haipo, pua ya kichwa imekatwa, mbingu nyeupe kama shuka. Katikati alikuwa Merle, na kila mkunjo wa uso wake unaonekana. Verna akalia kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumsikia.

Behewa la mwisho lilipopita alikuwa amekwisha jifuta. Vizuizi vilipanda, na Gus ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka, kamera mkononi, uso umemvimba.

“Umo,” akasema. “Picha zote umo. Mama mzima na sweta la kijani, katikati ya maghala, unapunga mkono kama unazama mtoni. Nimekaa ngazini kwa saa tatu nzima, Verna. Saa tatu!”

“Sweta limetokaje?”

“Usinichekeshe. Nimekasirika.”

Wengine walikuja nyuma yake, na nyuso zao hazikuwa nzuri pia. Britta peke yake ndiye aliyeuliza kama amempata. Verna alikuwa anafungua mdomo kumjibu redio zilipokwaruza. Ni desturi ya reli: siku ya mwisho ya dereva, mwongoza treni humuaga hewani, na njia nzima ya reli husikiliza.

“Dereva wa 1847, hapa ni kwa mwongoza treni. Merle, sote huku tunakushukuru. Miaka thelathini na moja bila doa. Una neno lolote la kutuachia?”

Watu wakatabasamu. Wote walimjua Merle, walijua hana neno. Gus akatazama kama redio yake imezima betri.

“Miaka yote napita pale kwa Kessler,” sauti nzito ikasema, kwenye viuno ishirini na tatu kwa pamoja. “Leo nimemwona mke wangu.”

Yule mwenye kofia aliivua. Gus alitazama picha kwenye kamera yake, ile ya mama mwenye sweta la kijani, akaitazama tena, na uvimbe wa uso ukamshuka.

“Unasimama hapa kungoja nini?” akamwambia Verna. “Anavuta mahindi mazito na kilima cha Orrin kiko mbele yake, atakwenda polepole. Ukipita barabara kuu unamwahi.”

“Barabara kuu iko kusini,” Verna akasema. Alikuwa tayari anachechemea kulifuata gari lake. “Napita ya vumbi. Ya kaskazini.”

Kati ya pale na mto Mississippi kuna vivuko kumi na tisa. Verna aliwahi saba, vumbi mpaka kwenye kope, na katika kila kimoja, kabla hajafungua hata mlango wa gari, Merle alikuwa amekwisha toa kichwa dirishani, anamtafuta.